Ile Herufi Moja kwenye Fishi ya Mtoto: Barua ya Wazi kwa Wanaotuletea Chanjo

Kwa wakuu wa Programu ya Chanjo (PEV), Kinshasa na Goma;
Kwa maprofesa na watafiti wa tiba wa Goma, Bukavu, Kisangani na Kinshasa;
Kwa mashirika yanayolipia chanjo za watoto wetu.



Naandika kutoka Kalembe, pale Masisi inapopakana na Walikale, kwenye njia inayotoka Mweso kwenda Pinga. Mimi ni muuguzi na mkunga wa senta ya afya. Siku ya chanjo, vita vikituachia, akina mama huanza kufika jua likiwa bado halijapanda mlima. Tunapima watoto kwenye mizani ya kuning'iniza, tunachoma sindano, tunaandika. Kuandika huko ndiko kulikonipa sababu ya barua hii.

Kwenye fishi (kadi) ya kila mtoto kuna nafasi ndogo inayodai herufi moja tu: M kwa wa kiume, F kwa wa kike. Nimeijaza herufi hiyo mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu mwenyewe. Uzito nikiuandika, kuna atakayeuuliza. Tarehe ya sindano nikiikosea, kuna atakayenirudishia karatasi. Lakini herufi ile ikishaandikwa, inalala. Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna aliyewahi kuniuliza: hao F, wangapi walirudi na homa kali? Hao M, wangapi hawakurudi kabisa?

Nawaandikia kuwaomba muiamshe.

Mwishoni mwa Oktoba 2024 nchi yetu ilianza kuchanja watoto dhidi ya malaria, ambayo sisi tunaiita palu, kwa chanjo yenye jina R21. Ilianzia Kongo Central, upande wa bahari. Sisi siku hizo tulikuwa na habari nyingine. Tarehe 20 ya mwezi huohuo waasi wa M23 na wanamgambo wa Wazalendo walipigana hapa Kalembe, na watu wakafunga mizigo. Simlaumu mtu kwa kuwa chanjo ilianzia kwenye amani. Sanduku la baridi halipiti kwenye risasi. Nasema tu kwamba nyuma ya sindano hiyo kuna ubishi mkubwa wa wasomi kuhusu mwili wa msichana na mwili wa mvulana, na mama wa Kalembe ana haki ya kuusikia kabla hajafunua paja la mtoto wake. Niliusoma nilipokuwa Goma kwa mafunzo, mwanafunzi mmoja wa tiba akinisaidia palipokuwa na Kiingereza kigumu. Nitausimulia hapa kwa kifupi, kwa sababu barua hii itasomwa pia na wasiokuwa maprofesa.

R21 ina dada yake mkubwa, RTS,S. Huyo alijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Majirani zetu wa Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania, na wa Kilifi na kandokando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, walitoa watoto wao. Majibu ya mwisho yalichapwa mwaka 2015. Kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kukamilisha sindano nne, palu ilipungua kwa asilimia 36 hivi katika miaka minne. Ngao hiyo ina matundu, lakini anayeishi kwetu, ambako mtoto mmoja huugua palu mara kadhaa kwa mwaka, hawezi kuidharau.

Kisha kuna watu walioketi wakatenga karatasi za wasichana na karatasi za wavulana. Mwaka 2016 Sabra Klein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, pamoja na Peter Aaby na Christine Stabell Benn, Wadenmark waliofanya kazi Guinea-Bissau kwa miaka mingi, na wenzao wengine, walichapisha makala yaliyowakosesha wengi usingizi. Walisema hivi: ukihesabu vifo vyote, vya palu na visivyo vya palu, wasichana waliopata chanjo walikufa karibu mara mbili ya wasichana waliopata chanjo nyingine ya kulinganishia. Kwa wavulana ongezeko hilo halikuonekana. Chanjo iliyopunguza palu kwa wote, wakadai, huenda iliwadhuru wasichana kwa njia nyingine.

Wangeweza kuchekwa na kusahauliwa. Hawakusahauliwa, kwa sababu jambo la namna hiyo lilikuwa limeshatokea. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilishauri chanjo ya surua yenye kipimo kikubwa kuliko kawaida itolewe kwa watoto wa miezi sita katika nchi zenye surua nyingi. Ilizuia surua vizuri. Lakini Senegal, Guinea-Bissau na Haiti zilipofuatilia watoto hao, wasichana waliochanjwa walikuwa wanakufa zaidi katika miaka iliyofuata, kwa maradhi mengine kabisa. Mwaka 1992 chanjo hiyo ikaondolewa. Wataalamu hawajakubaliana hadi leo kuhusu sababu. Walichokubaliana ni kwamba kama watoto wangehesabiwa kwa fungu moja tu, "watoto", bila kuuliza ni wa kike au wa kiume, huenda jambo hilo lisingeonekana upesi hivyo.

Na kibiolojia, swali si la kipuuzi. Msichana ana kromozomu mbili za X, mvulana ana X moja na Y moja. X imebeba jeni nyingi za kinga ya mwili. Katika kila seli ya kike X moja hunyamazishwa, lakini baadhi ya jeni zake hukataa kunyamaza. Mojawapo ni ile iitwayo TLR7, inayosaidia mwili kutambua virusi. Homoni nazo zina sehemu yao: za kike kwa kawaida huchochea kingamwili, za kiume huzituliza. Ndiyo maana wanawake hutoa kingamwili nyingi zaidi kwa chanjo kadhaa, na pia hupata homa na maumivu ya sindano zaidi. Upande wa pili, karibu kila mahali duniani watoto wa kiume chini ya miaka mitano hufa zaidi kuliko wa kike. Mkunga yeyote wa kwetu aliyepokea watoto wengi ameliona jambo hili: katoto ka kiume kakizaliwa kabla ya wakati kanahangaika zaidi kuliko dada yake.

Hivyo walioshtuka walikuwa na sababu. Waliopinga nao walikuwa na sababu, na hapa nawaomba wasomaji wasiokuwa wataalamu wanifuate kwa makini. Chukua gunia la maharage ulilovuna. Ligawe kwa rangi, kisha kwa ukubwa wa punje, kisha kwa shamba zilikotoka. Ukigawa vya kutosha hutakosa fungu moja lililooza kuliko mengine, hata kama gunia zima halina neno. Wapinzani walisema Klein na wenzake walifanya hivyo. Kabla ya utafiti hakuna aliyepanga kuuliza swali la vifo kwa jinsi. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache. Hakuna aliyeonyesha njia ambayo sindano ingepitia hadi kifo. Na huenda kilichokuwa cha ajabu ni kwamba wasichana wa kundi la kulinganishia walikufa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Wengine waliongeza kwamba Aaby na Benn wamezoea kuona tofauti ya wasichana na wavulana katika kila chanjo wanayoigusa, na hata wanatakwimu wa kwao Denmark wamewakosoa hadharani kwa namna wanavyosoma hesabu zao.

Nani alikuwa na haki? Njia ya kujua ilikuwa moja: kuhesabu tena, kwa watoto wengi zaidi, swali likiwa limeandikwa mapema. OMS ilifanya hivyo, na kwa hilo nawasifu. Mwaka 2019 chanjo ya RTS,S ilianza kutolewa kwa majaribio katika utaratibu wa kawaida wa chanjo wa nchi tatu: Malawi na Ghana mwezi wa Aprili, kisha Kenya tarehe 13 Septemba, ilipozinduliwa Homa Bay. Maeneo yaligawanywa kwa kura. Mengine yalianza, mengine yakangoja yakiwa ya kulinganishia. Watu walipita vijijini kuandika vifo vya watoto, na mara hii ile herufi ilihesabiwa: wasichana wangapi, wavulana wangapi, hapa na pale. Kufikia Oktoba 2021, watoto zaidi ya 800,000 walikuwa wamechanjwa, na jibu likawa limepatikana. Ongezeko la vifo vya wasichana halikuonekana. Uwiano wa vifo vya wasichana na wavulana ulikuwa sawa kwenye chanjo na pasipo chanjo. OMS ikapendekeza chanjo hiyo. Miaka miwili baadaye, hesabu ya mwisho ilionyesha vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13.

Basi naweza kumwambia mama wa Kalembe, nikimtazama machoni: swali liliulizwa, likachunguzwa kwa watoto wengi sana, na jibu ni jema. Mimi mwenyewe chanjo ikifika nitamchanja mjukuu wangu wa kike bila kusita. Wanaodai kwamba ubishi ule ulikuwa kelele bure, hata hivyo, wanakosea. Utulivu nilionao leo umetoka kwenye ubishi huo. Kama Klein na wenzake wasingesema, wasichana wa Homa Bay wangehesabiwa "watoto" tu, na leo nisingekuwa na jambo la kumwambia mama zaidi ya "niamini".

Sehemu moja ya kisa hicho hainifurahishi, na nyinyi mnaopanga chanjo zetu mnaijua. Mwanzoni mwa 2020 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha makala ya Peter Doshi yaliyouliza: akina mama wa Kenya, Malawi na Ghana waliambiwa kwamba chanjo hii inatolewa kwa sehemu ili kujua kama inaongeza vifo vya wasichana? Waliambiwa pia kuhusu wasiwasi mwingine, kwamba chanjo huenda inaleta homa ya uti wa mgongo? Mtaalamu wa maadili ya utafiti, Charles Weijer, alisema kuwa kutowaambia ni uvunjaji mkubwa wa kanuni za kimataifa. OMS ilijibu kwamba chanjo ilitolewa na serikali katika utaratibu wa kawaida, na mama anayemleta mtoto wake kwenye chanjo amekubali kwa kitendo chake. Mimi niliyesimama upande wa sindano nawaambia: mama anayeleta mtoto ametuamini. Kutuamini huko hakumaanishi ameacha kutaka kujua.

Sasa nirudi kwetu, maana kwetu lilitokea kosa la upande wa pili.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola ya kumi ya nchi yetu, kule Mangina karibu na Beni. Ilidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, waliokufa 2,287. Mwezi wa Agosti 2019 ilifika hadi Pinga, huku Walikale, na sisi wa Kalembe tukaanza kunawa mikono kwa maji ya klorini kama wenzetu wa Butembo. Safari hii kulikuwa na chanjo, rVSV-ZEBOV, iliyotolewa kwa waliomgusa mgonjwa na kwa waliowagusa hao. Watu zaidi ya 300,000 waliipata. Lakini kwa miezi mingi mlango ulikuwa umefungwa kwa mama mwenye mimba, kwa anayenyonyesha na kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kibiolojia. Chanjo hiyo ina virusi hai, vilivyodhoofishwa lakini vinavyoweza kuzaana, na hapakuwa na takwimu za kuonyesha vinafanya nini tumboni. Sawa. Lakini takwimu hazikuwepo kwa sababu gani? Kwa sababu wajawazito walikuwa wameachwa nje ya majaribio tangu mwanzo. Nao ugonjwa wenyewe ulijulikana: mwenye mimba akipata Ebola, karibu kila mara mtoto hafiki. Mama alizuiliwa chanjo kwa kuogopa hatari isiyojulikana, akaachiwa hatari iliyojulikana. Wataalamu wa maadili walipiga kelele, na mwezi wa Februari 2019 kamati ya maadili ya nchi yetu ikaruhusu wajawazito wachanjwe. Utekelezaji ukaja Juni. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2019 ni miezi kumi, zaidi ya muda ambao mimba hukaa tumboni.

Na tukumbuke nani aliugua. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa Ebola ile walikuwa wa kike. Kromozomu haikuwaambukiza. Walikuwa ndio wanaoketi na mgonjwa, wanaofua shuka, wanaompeleka mtoto senta na kukaa naye kwenye foleni iliyojaa homa, wanaowaosha maiti wa kike. Mwili uliwaondoa kwenye orodha ya chanjo, na kazi iliwaweka mbele ya ugonjwa.

Hapo ndipo nawakuta ninyi maprofesa, maana hapo ndipo wenzenu wa dunia nzima wanapogombana. Kundi moja linasema tofauti za wanawake na wanaume katika ugonjwa zimo mwilini: kromozomu, homoni, kinga. Kundi jingine linasema ziko kwenye maisha: kazi, malezi, nani analetwa hospitali mapema. Mwaka 2020 Covid ilipoua wanaume zaidi, kikosi cha Akiko Iwasaki wa Yale kiliandika kwenye jarida la Nature kwamba kinga ya wanaume na ya wanawake ilijibu kwa namna tofauti. Mwaka uliofuata kikosi kingine, cha maabara ya Sarah Richardson wa Harvard, kikajibu kwenye jarida hilohilo kwamba takwimu zilezile, zikisomwa vizuri, zinaonyesha kufanana zaidi ya kutofautiana. Wanaotoka nje ya maabara huufanya ugomvi huo kuwa wa dini au wa siasa. Anayesema mwili una tofauti anaambiwa anataka mwanamke arudi jikoni. Anayesema maisha yana mchango anaambiwa amekana kilichoandikwa kwenye mwili.

Kalembe hatuna nafasi ya kuchagua kundi. Nitawapa mifano miwili kutoka mezani pangu.

Mwanamke aliyekulia hapa ameugua palu utotoni mara nyingi hata mwili wake umezoea. Akiwa mtu mzima inampitia kama homa ndogo. Akipata mimba ya kwanza, palu inamrudia kama mgeni. Mwanzoni sikuelewa kwa nini. Kumbe kondo la nyuma linaleta mahali papya pa kushika ambapo vimelea havikuwa napo. Vinabadilisha vazi, vinatumia protini iitwayo VAR2CSA, vinajificha mle, na kinga ya zamani haivitambui. Mtoto anazaliwa mdogo, mama anabaki bila damu. Hakuna mila inayoeleza hilo. Ni mwili wa kike, moja kwa moja. Na bado mama huyo ndiye aliyeachwa nje ya majaribio ya dawa. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba ushauri ulikuwa kwinini kwa siku saba, na masikio yake yakivuma kama mto, hadi Novemba 2022 OMS iliporuhusu dawa ile ya siku tatu ya artemether na lumefantrine, ambayo mumewe alikuwa anaitumia miaka yote hiyo.

Mfano wa pili. Msichana wa miaka minane ameletwa akiwa na palu kali, amechelewa siku tatu. Kaka yake wa miaka sita aliletwa siku ya kwanza. Msichana alichelewa kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amembeba mdogo wao mgongoni mama akiwa shambani, na kilio chake kilionekana uvivu. Akifa huyo, atakuwa F moja kwenye daftari. Profesa wa mwili akiiona F hiyo bila kujua habari ya mgongo wake, ataitafuta sababu kwenye damu na hataipata. Profesa wa jamii akiiona F ya mama wa mimba ya kwanza, ataitafuta sababu kwenye mila na hataipata. Herufi haitoi jibu. Kazi yake ni kutuonyesha pa kuuliza, na hiyo peke yake inatosha kuihesabu.

Najua mtakalosema, kwa sababu nimelisikia kwenye mikutano: ukimwambia mama kwamba wasomi waliwahi kuogopa chanjo ingeua wasichana, umempa uvumi wa bure, na kesho hataleta mtoto. Naiheshimu hofu hiyo. Nimeona uvumi ukifanya kazi. Lakini jiulizeni uvumi wa wakati wa Ebola ulianzia wapi. Ulianzia palipokuwa na magari mengi na maneno machache. Watu waliambiwa wafanye nini. Hawakuambiwa kwa nini, wala nani hajui nini. Palipokosekana maelezo, kila mtu alijitengenezea yake. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi mkunga naongeza kwamba anayemficha mkunga jambo ndiye anayepata taabu usiku.

Mama wa kwetu amekimbia vita akiwa na mtoto tumboni na mwingine mkononi, akapima barabara ipi ina askari gani. Akili ya kupima hatari anayo. Ukimwambia, "Kulikuwa na wasiwasi kuhusu wasichana, walihesabu watoto wengi Kenya, Ghana na Malawi, wasiwasi haukuthibitika, vifo vilipungua, na sisi tutaendelea kuhesabu," atakuelewa. Nimejaribu maneno hayo kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, na mwenzangu kwa Kihunde. Hakuna aliyeinuka kuondoka. Mama mmoja aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na hii yetu, R21, nayo walihesabu hivyo?"

Swali lake nawaletea ninyi. R21 ilijaribiwa kwa watoto 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, Kilifi na Bagamoyo zikiwa tena kati ya vituo. Ilipunguza palu kwa asilimia 68 hadi 75 katika mwaka wa kwanza, matokeo mazuri sana, na OMS ikaipendekeza tarehe 2 Oktoba 2023. Kiini chake ni kilekile cha dada yake, lakini kiungo kinachoamsha kinga kimebadilishwa. Watoto 4,800 wanatosha kupima palu. Hawatoshi kugawanya vifo vya wasichana na vya wavulana, kwa kuwa katika kundi dogo hivyo vifo, Mungu ashukuriwe, ni vichache. Jibu la mama yule litapatikana tu kwa kuhesabu wakati chanjo inatolewa kwa wengi. Na sasa hao wengi wamo katika nchi yetu.

Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji helikopta.

La kwanza: kila taarifa ya chanjo ya palu, kutoka senta hadi Kinshasa, igawanywe wasichana na wavulana, waliochanjwa, waliougua, waliolazwa, waliokufa. Herufi tunayo tayari kwenye fishi na kwenye rejista. Tupeni mistari miwili ya kujumlishia badala ya mmoja, na mafunzo ya nusu siku.

La pili: hesabu hizo zitangazwe, ziwe nzuri au mbaya, na zirudi kwetu tuliozipeleka. Zisiishie kwenye jarida ambalo muuguzi wa Pinga hatalishika maishani. Zikirudi zisomwe na reko, yaani wahamasishaji wa afya wa vijijini, na akina mama waelezwe kwa lugha zao, pamoja na swali lililozaa hesabu.

La tatu: mlipuko ujao ukija, na kwetu huwa unakuja, wajawazito na wanaonyonyesha wawemo kwenye mpango wa utafiti tangu siku ya kwanza, wakiwa na uhuru wa kukubali au kukataa. Kama kuna sababu ya kuwaacha, iandikwe, na anayeiandika atie sahihi yake chini. Nchi hii imeonyesha kwamba inaweza: katika majaribio ya dawa za Ebola yaliyoanza Novemba 2018, wakati uleule chanjo inawakataa, wajawazito walipokelewa. Mojawapo ya dawa mbili zilizoshinda ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na kazi hiyo inabeba jina la mtafiti wetu wa Ebola, Profesa Muyembe.

La nne ni kwa maprofesa peke yao. Mnapofundisha vijana tofauti za mwili wa kike na wa kiume, wafundisheni pamoja na historia ya waliokosea: waliochanganya wote hadi wakakaribia kutoona wasichana wakifa, na waliotenganisha hadi wakamfungia mama mlango. Msiwape kundi la kushabikia. Wapeni daftari.

Juzi niliandika F nyingine. Ana miezi sita, kilo sita na nusu, macho makubwa, na alinishika kidole wakati nikichovya pamba kwenye spiriti. Mama yake alitaka kujua kama chanjo ya palu itafika kabla mvua kubwa hazijaanza. Nilimwambia sijui. Akaniomba nikijua nimwambie pia kama itakuwa sawa kwa msichana. Hilo nilimwahidi, na ahadi hiyo siwezi kuitimiza bila ninyi.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa Kalembe